Otuu Hapakwi Mafuta

Habari ilimfikia Warigia kwenye kamba ya nguo. Alikuwa anaanika nepi za Owen, vibanio viwili amevibana kwa meno, Mama Shirleen alipoinama chini ya shuka iliyolowa na kutokea upande huu akiwa na matone ya maji begani.

"Mama Owen, umesikia ya Triza?"

Warigia alitikisa kichwa. Vibanio vilimpa sababu nzuri ya kutosema lolote.

"Ameweka mwanaume. Ndani. Hapo." Kidole cha Mama Shirleen kilionyesha mlango wa kijani uliokuwa katikati ya mlango wake na wa Warigia. "Anaitwa Otuu."

Warigia alitoa vibanio. "Otuu?"

"Otuu. Usiniulize ni wa wapi. Jina nimelipima kila upande, si la Busia, si la Siaya, si la kwetu. Lakini nimelisikia kwa masikio haya, siku nne mfululizo." Akaanza kukunja vidole. "Jumatatu, saa kumi na moja unusu asubuhi, sauti ya mwanaume: 'Triza, habari ya asubuhi. Leo tunaanza na kushikana.'"

"Ai!"

"Tulia, bado. Jumanne, Triza mwenyewe: 'Otuu hawezi kukaa peke yake.' Anarudia mara sita, kama mtu anayejitetea mbele ya padri. Jumatano: 'Otuu haungui, lakini anafanya wengine waungue.' Sasa huyo ni mume au ni shetani? Na jana." Mama Shirleen akasogea, akapunguza sauti mpaka ikawa ya kusikika nyumba tano tu. "Jana amesema, 'Otuu hapakwi mafuta. Ukimpaka Otuu mafuta, atalipuka.'"

Warigia alifikiri kidogo, nepi mkononi. "Labda ana shida ya ngozi," akasema polepole.

Alisema hivyo tu kwa sababu Mama Shirleen alikuwa anamtazama. Lakini Mama Shirleen alishika kiuno, macho yakamng'aa. "Unaona! Wewe hunyamaza lakini akili unayo. Ni ngozi!" Akapita tena chini ya shuka, na kufikia saa sita mstari mzima wa nyumba, kutoka bomba la maji mpaka kwa fundi wa viatu, ulijua kwamba Triza ameolewa na mgonjwa wa ngozi anayeitwa Otuu, na kwamba aliyethibitisha ni Mama Owen.

Warigia alikaa kitandani akimnyonyesha Owen, moyo unamchoma. Kitu kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuwa ameamini hata kidogo kwamba kuna mwanaume pale.

Sauti alikuwa ameisikia, ndiyo. Ukuta wa nyumba zile za zamani za Shauri Moyo hauna siri, na mtoto wa miezi minane huamsha mamake saa ambayo wenye siri huzungumza. Lakini Warigia alikuwa na tabia ya kutazama vitu. Mlangoni kwa Triza hapakuwa na viatu vya kiume ila buti za Triza mwenyewe. Kwenye kamba hapakuwa na suruali ila ovaroli yake. Asubuhi aliosha kikombe kimoja. Na ile sauti ya mwanaume ilikuwa na jambo lingine: ilikohoa. Si kukohoa kwenyewe kulikomshangaza, bali kwamba ilikohoa mahali palepale, baada ya neno "kushikana", kila ilipolirudia. Gachanja, mume wake Warigia, naye hurudia maneno, tena sana, lakini hata yeye hawezi kupanga kikohozi hivyo.

Alitaka kumfuata Mama Shirleen amwambie. Akatafakari, akaona kumfuata Mama Shirleen kurekebisha habari ni kama kukimbiza maji yaliyomwagika ukiwa na kijiko.

Triza alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na alichomelea vyuma. Alikuja Nairobi kutoka pande za Bungoma akiwa msichana, akaanza kwa kuwauzia mafundi githeri pale kando ya barabara ya kwenda Gikomba. Siku moja fundi mmoja, tumbo likimsokota, alimwachia tochi ya gesi ikiwa inawaka akasema, "Nishikie kidogo," akaenda mbio. Alikawia. Triza aliona ni vibaya moto mzuri hivyo uungue bure, akachukua sufuria yake ya githeri iliyokuwa na tundu, akaliziba. Fundi aliporudi alikuta sufuria imezibwa na githeri imemwagwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyekula githeri ya Triza tena.

Hiyo ni miaka kumi na minane. Mikono yake ilikuwa na madoa meupe ya cheche kama mtu aliyenyunyiziwa unga. Akiingia nyumbani kwa mtu hakutazama uso kwanza, alitazama bawaba za mlango. Alipokuja kumwona Owen alipozaliwa, alisimama kizingitini, akatikisa mlango mara mbili, akasema, "Huu utaanguka Disemba," ndipo akasema hongera. Na kweli, kabla ya Disemba alikuja na vifaa vyake akautengeneza, na hakutaka hata chai.

Jumapili saa kumi, Mama Shirleen alipiga hodi kwa Warigia akiwa amejifunga leso mpya. Nyuma yake walikuwa Batulo, jirani mnene mwenye sauti ya upole, na Kate, msichana wa kusuka nywele anayekaa mlango unaofuata wa Batulo.

"Tunaenda kumsalimia shemeji," alisema Mama Shirleen. "Si kwa ubaya. Mtu akiweka mwanaume, wamama wa mstari wanaenda kumwona. Tusipoenda, atafikiri hapa hakuna watu."

Alikuwa na hotpoti ya chapati. Kate alikuwa na soda. Batulo alikuwa na kitu kidogo amekificha ndani ya mtandio.

"Hicho ni nini?" aliuliza Warigia.

Batulo akafunua kwa fahari. Lilikuwa kopo la mafuta ya mgando. "Haya hayana harufu kabisa. Ya watoto wenye ngozi nyepesi. Haya hayawezi kumlipua."

Warigia alitazama kopo, kisha mlango wa kijani. Akamfunga Owen mgongoni na kuwafuata, kwa sababu hakuweza kusimamisha jambo lile, na hakutaka litokee bila yeye.

Triza alifungua mlango, penseli imechomekwa kwenye nywele. Aliona wanawake wanne na hotpoti. Uso ukamshuka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa!" Mama Shirleen alikuwa ameshaingia. "Ni amani. Ni furaha, hata."

Wakaketi, watatu kitandani, Kate kwenye ndoo iliyofudikizwa. Nyumba ilikuwa safi na ndogo, na juu ya meza kulikuwa na kitabu kisicho na jalada, kurasa zake zimejaa duara zilizoshikana. Mama Shirleen aliangusha funguo zake, akainama kuzitafuta, akachukua muda mrefu sana huku kichwa kiko chini ya kitanda.

"Huko kuna mkaa tu," Triza alisema.

Mama Shirleen aliinuka na vumbi puani. "Basi. Shemeji yuko?"

"Shemeji gani?"

"Triza, usitufiche, sisi ni wamama wenzako. Otuu."

Triza aliwatazama mmoja mmoja. Warigia alitazama vidole vyake vya miguu.

"Otuu?" Triza alisema. "Otuu yuko."

"Yuko wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa, kila mahali. Hata sasa unamvuta ndani, Mama Shirleen. Na vile unahema, umemmaliza kushinda sisi wote."

"Shindwe!" Kate aliruka, ndoo ikabiringika. Mama Shirleen alifunika pua na mdomo kwa leso. Batulo peke yake alibaki ametulia, akamnyooshea Triza kopo. "Sisi hatumchukii. Hata tumemletea mafuta."

"Mafuta?" Sasa Triza ndiye aliyeruka. "Mafuta na Otuu? Batulo, unataka kuniua?"

Warigia aliona kwamba asiposema sasa, mtu atapiga nduru na mstari wote utajaa mlangoni. "Anti Triza," akasema, "yule anayekohoa baada ya 'kushikana'. Ni simu, sivyo?"

Triza alimwangalia, kisha akachukua simu yake juu ya meza, akabonyeza. Sauti nzito ya mwanaume ikajaa nyumba: "Triza, habari ya asubuhi. Leo tunaanza na kushikana," ikakohoa, "yaani vile atomu mbili za oksijeni zinavyoshikana."

"Ndiye huyo!" alisema Mama Shirleen.

"Huyo ni Mwalimu Opicho wa Komarock. Nilimtengenezea grili za madirisha. Anafundisha kemia. Nilimwambia shida yangu, akawa ananitumia masomo kwa simu, nami narudia kabla niende kazi." Triza aliketi juu ya kreti ya soda, akashusha pumzi. "Na Otuu si mtu. Ni oksijeni. Ni hewa ya mtungi."

Ndipo akawaeleza. Mbugua, mwenye kibanda anachofanyia kazi, si mtu mbaya, ila anaogopa. Wateja wakubwa sasa hawatoi kazi bila kuona karatasi ya fundi aliyepita mtihani wa gredi ya ufundi. Triza ameufanya mara mbili. Kwa mkono amepita zote mbili, kwa mdomo ameanguka zote mbili. Alhamisi hii mtahini anakuja kibandani. Akianguka tena, Mbugua atampa tochi mtu mwingine, na Triza ataenda kupiga msasa na kupaka rangi malango ya wenzake.

"Rangi," akasema, kama wengine wanavyosema jela.

"Unaangushwa na nini?" aliuliza Batulo.

"Na hiyo mbili." Triza alichomoa penseli kwenye nywele, akachora duara kubwa kama yai kwenye kipande cha katoni, na mbili ndogo, tuu ya Kizungu, ikiwa chini mguuni. "Kule kazini tuna mitungi miwili. Ule mfupi mnene tunauita Gesi. Ule mrefu mweusi tunauita Otuu. Tangu nianze, miaka kumi na minane, nilijua ni kwa sababu ni mtungi wa pili. Wa kwanza Gesi, wa pili Otuu. Mtahini akaniuliza, 'Mama, hiyo mbili inasema nini?' Nikamwambia, 'Ni mtungi nambari mbili.' Akaniuliza, 'Na Owani iko wapi?' Nikamwambia, 'Owani labda iliisha kabla niandikwe.'"

Kate ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Batulo, tumbo lote, kimyakimya. Kisha Triza mwenyewe, akipiga goti. Mama Shirleen alijaribu kubaki na huzuni ya kupoteza shemeji, ikamshinda.

"Mara ya pili nikakariri kwa Kizungu, kitabu chote. Akaniuliza, 'Kwa nini mbili? Kwa nini si moja?' Hilo kitabuni halikuwemo. Kumbe kukariri si kujua."

"Na sasa unajua?" aliuliza Warigia.

"Nikiwa peke yangu najua. Nikiulizwa na mtu mwenye tai, sijui."

"Basi tueleze sisi," alisema Batulo. "Sisi hatuna tai."

Triza akawasimamisha. Kate huku, Batulo kule. "Oksijeni moja ina mikono miwili, na hiyo mikono haipendi kukaa mitupu. Shikaneni. Yote miwili." Wakashikana. "Sasa Batulo ni O. Kate ni O. Mkishikana ndio Otuu. Hiyo mbili ya chini ni nyinyi wawili."

"Kwa hivyo Otuu ni wanawake wawili," alisema Mama Shirleen kwa uchungu.

"Mikono ni mfano wa Mwalimu. Kwa kweli ni vitu vidogo, elektroni. Oksijeni ina sita kwa nje, na haitulii mpaka zifike nane. Imepungukiwa na mbili. Mwenzake pia amepungukiwa na mbili. Kwa hivyo huyu anaweka mbili katikati, na yule anaweka mbili katikati..." Akasimama. Uso ukamkunjamana. "Hapa ndipo hunipotea. Zile za katikati ni za nani?"

Warigia alikuwa akitazama mlango ulio wazi. Nje, kati ya mlango wa Batulo na wa Kate, vyombo vyao vilikuwa vimepangwa ukutani kama siku zote.

"Batulo," aliuliza polepole, "ile karai pale nje ni ya nani?"

"Yangu."

"Na jiko?"

"La Kate. Karai na mwiko ni vyangu, jiko na ndoo ni vya Kate. Tunaviweka hapo katikati."

"Na wageni wakija kwako?"

"Wakija kwangu vyote vinne ni vyangu." Batulo hakuona aibu yoyote. "Wakija kwake, vyote vinne ni vyake."

"Ulimwambia shangazi yangu hilo jiko ni lako?" Kate aliuliza, mikono bado imeshikwa.

"Si ilikuwa zamu yangu?"

Triza alikuwa ameshaanza kuandika. Aliandika karai, mwiko, jiko, ndoo, akahesabu kwa ncha ya penseli, akahesabu tena. "Sita zangu, mbili kati yake ziko nje katikati, na mbili za jirani," akanong'ona. "Nane. Na kwa jirani nane. Wala hakuna aliyempa mwenzake kitu." Akainua macho. "Na mmoja akihama?"

"Hawezi," alisema Batulo. "Jiko lake nitalipata wapi?"

"Na mimi?" Mama Shirleen hakuweza kustahimili zaidi. Alijipenyeza kati yao, akashika mkono mmoja wa Kate na mmoja wa Batulo.

"Watatu pia wako," alisema Triza. "Wanaitwa ozoni. Wako huko juu kabisa, wanatukinga na jua. Lakini hawatulii. Kidogo tu, mmoja anachomoka anaenda kushika mambo mengine."

Wote walimtazama Mama Shirleen.

"Mbona mnaniangalia mimi?"

Maji yalikuwa rahisi zaidi. Haidrojeni ina mkono mmoja tu, kwa hivyo maji ni mama mmoja aliyeshika watoto wawili, mmoja huku, mmoja huku. Triza alitafuta mfano chumbani, macho yakamwangukia Warigia na Owen. "Mama Owen ndiye huyo, ila bado ana mkono mmoja mtupu."

"Gachanja ameambiwa?" aliuliza Batulo, na Warigia akaficha uso kwenye leso ya mtoto.

Likabaki swali la mafuta. Otuu mwenyewe haungui, Triza akasema, yeye kazi yake ni kuwasaidia wengine waungue. Safari hii hakuna aliyethubutu kumtazama Mama Shirleen. Ndani ya mtungi Otuu amebanwa, wako wengi mno. Ukipaka grisi kwenye geji, kile kipimo cha juu ya mtungi, au ukishika spana kwa mkono wenye mafuta, wale wawili wanaachiliana na kurukia mafuta wote kwa pamoja, kwa sababu mafuta yamejaa kaboni na haidrojeni, na kule wanashikana kwa nguvu zaidi. Kushikana huko kunatoa joto. Kwa ghafla hivyo, hakuhitaji kiberiti.

Batulo alirudisha kopo ndani ya mtandio, akaenda kuliweka nje, mbali, chini ya bomba. Ndipo wakala chapati.

Alhamisi asubuhi Warigia aliamka na Owen, akasikiliza. Ukutani hapakuwa na sauti. Si Mwalimu Opicho, si kikohozi. Alisikia tu kreti ikilia, mtu akiketi na kuinuka, akiketi na kuinuka. Baadaye mlango wa kijani ukafungwa, na Warigia alipotoka nje aliona kikombe cha Triza kizingitini, chai imejaa mpaka juu na imepoa.

Akapika uji, akautia kwenye chupa ya chai, akambeba Owen mgongoni na kuelekea barabarani. Kibanda cha Mbugua ungekisikia kabla ya kukiona. Nyundo zililia pande zote, na katikati ya milango na vitanda vya chuma alikuwa amesimama mwanaume mwembamba mwenye tai na viatu vinavyong'aa, akikanyaga kati ya vipande vya bati kama mtu aliyeazima viatu hivyo. Alikuwa Bwana Salad, mtahini. Yule yule wa mara mbili zilizopita.

Mbugua alisimama kando, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu. Mkononi alikuwa na brashi mpya ya rangi, bado imo kwenye karatasi yake. Miguuni kulikuwa na debe la rangi. Warigia aliiona brashi ile, akajua imenunuliwa kwa ajili ya nani.

Triza alichomelea mabomba mawili. Alipovaa miwani myeusi na kuwasha tochi, mwili wake wote ulitulia, na moto ukawa mdogo, wa buluu, mkali kama ncha ya sindano. Alipomaliza, Bwana Salad aligeuza bomba, akapitisha kidole kwenye mshono. Akafungua faili.

"Sasa, mama. Hiyo mbili ya chini inasema nini?"

Triza alivua miwani. Akaitazama tai.

"Inasema," alisema Triza. Akachomoa penseli kwenye nywele, akairudisha.

Nyundo za jirani zilipungua moja moja, maana mafundi walikuwa wameanza kusikiliza. Mbugua alikuna karatasi ya brashi kwa ukucha. Ikatoa mlio mdogo, na Triza akageuka.

"Bwana, naweza kutumia mtu?"

"Mtihani ni wako, mama."

"Ni wangu. Huyu ni mfano tu." Akamwendea mwenye kibanda. "Mbugua, weka hiyo brashi chini."

"Mimi?"

"Weka. Nipe mikono. Yote miwili."

Mbugua aliweka brashi chini. Triza akashika mikono yake, mbele ya mtaa mzima, na mafundi wakapiga miluzi. "Mimi ni oksijeni," alisema Triza, kwa sauti iliyoanza kupata nguvu. "Mbugua ni oksijeni. Nina sita kwa nje na nataka nane. Naye hivyo hivyo. Mimi naweka katikati karai na mwiko. Mbugua anaweka jiko na ndoo."

"Mimi sina jiko," alisema Mbugua.

"Leo unalo. Mgeni akija kwangu, vyote vinne ni vyangu. Akija kwake, vyote vinne ni vyake. Kila mtu amepata nane na hakuna aliyenyang'anywa. Ndiyo maana tuko wawili. Hiyo mbili ndio sisi. Mbugua, vuta, utoke."

Mbugua alivuta. Alivuta tena, kofia ikamwangukia machoni. Mikono iliyoshika chuma miaka kumi na minane haikusogea.

Bwana Salad aliandika kitu. "Na grisi kwenye geji?"

"Mbugua, endelea kuvuta," alisema Triza. "Bwana, sasa tuko ndani ya mtungi, tumebanwa. Halafu yanakuja mafuta. Mimi nayapenda mafuta kuliko Mbugua." Akamwachilia. Mbugua aliruka kinyumenyume, akagonga lango la chuma kwa kishindo kilichomwamsha Owen. "Sikia hiyo. Hivyo ndivyo geji hulipuka. Mimi nimehamia kwa kaboni na haidrojeni, nimeshika kwa nguvu zaidi, na joto limetoka mara moja."

Mtahini alikohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, faili limemfunika uso, mabega yakitikisika. Alipolishusha macho yalikuwa na maji. "Na ile Owani iliyoisha kabla uandikwe?"

"Haikuisha, Bwana. Haikai. Ina mikono miwili mitupu, itashika chochote kilicho karibu."

Bwana Salad aligeuza ukurasa, akatia sahihi, akapiga muhuri juu ya mtungi mfupi kwa kukosa meza. Akampa Triza mkono, kisha akatazama kiganja chake kwa wasiwasi, kama anayepima iwapo kina mafuta.

Mafundi walipiga nyundo zote kwa pamoja. Mbugua alikaa chini kidogo. Halafu akaokota brashi, akaitoa kwenye karatasi yake, akalitazama lile lango lililomgonga, na akaanza kulipaka rangi yeye mwenyewe.

Triza alikuja kuketi kando ya Warigia kwenye kipande cha reli. Alikunywa uji wa chupa bila kupumua, akamnywesha Owen tone la mwisho. Kisha akalaza karatasi juu ya goti.

"Amesema nijaze ukurasa wa nyuma mwenyewe, atapitia kuuchukua akimaliza vibanda vile vingine." Alichomoa penseli, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja. Akaandika mwaka wa kuzaliwa. Akaandika Shauri Moyo. Kisha penseli ikasimama juu ya mstari wa mwisho, ikakaa hapo mpaka Warigia akainamia kuona.

Mtu wa kupigiwa simu iwapo fundi ataumia kazini.

"Nina kaka, lakini yuko Bungoma," alisema Triza. "Akiona namba ngeni hashiki. Nilitaka kuandika Mwalimu, lakini mkewe hanijui." Akampangusa Owen uji uliokuwa kidevuni, kwa upande safi wa kidole. "Mama Owen, naweza kukuandika wewe? Hawatakupigia. Mimi siwezi kulipuka. Ni hapa tu, pakibaki wazi wanarudisha fomu."

Warigia alichukua penseli kwa mkono wake mtupu, akaandika namba yake.